Breki za Gari la Marehemu

Mume wangu alipofariki aliniachia gari la spoti, kuukuu, la milango miwili. Breki zake zilikuwa hazishiki mpaka uzipampu, yaani ukanyage pedali mara kadhaa. Kaka yake alitaka tuliuze tununue ng'ombe.

"Litakuua, shemeji."

"Basi nitalitengeneza."

Biashara huria ilikuwa imeanza, na spea za mtumba zilipatikana Mwanza. Nilileta breki za diski, fundi wa Bariadi akachonga vyuma vya kuzishikilia, akazifunga kwenye magurudumu ya mbele. Nikamwambia shemeji apande twende Lamadi.

Njiani ng'ombe waliingia barabarani ghafla. Nikakanyaga breki, gari likasimama palepale. Shemeji alikuwa amekumbatia dashibodi.

"Unaweza kushuka," nilimwambia, "ila gari siuzi."

Hakushuka. Nililiendesha miaka mingi.