Kanda Iliyofungwa kwa Kitambaa

Nakumbuka Jumamosi moja pale mtaa wa Tena, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea kwisha, nilipotoka nyumbani mbio nikiwa nimevaa kiatu kimoja cha ofisini na kingine cha kanisani. Sikugundua mpaka nilipofika soko la Gikomba. Nakusimulia haya kwa sababu jana uliniuliza kama uzitupe sidi zangu zilizo kabatini, maadamu siku hizi kila kitu kinaingia kwenye simu, nami nikainuka nikaenda zangu chumbani, ukadhani nimenuna. Sikununa. Nilikuwa nimerudi kwenye Jumamosi ile.

Wakati huo nilikuwa karani mjini, ningali naishi na mama yangu. Baba, aliyekuwa mtu wa reli, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, tukamzika kwetu Bungoma. Kitu nilichokipenda kuliko chakula ni filamu. Nilikuwa na kanda za video za Kihindi, za karate na za mapenzi ya kuliza, na majirani walijua kwamba Jumapili baada ya ibada, kwa Nafula kuna sinema. Kisha sidi za video zikaingia. Jirani wa mlango wa pili akanunua mashine yake, na watu wote wakahamia kwake. Nikabaki na kiti changu na deki yangu ya kuchezea kanda. Niliona wivu, sikufichi, tena wivu mbaya.

Basi pale mtaa wa Shauri Moyo palikuwa na kijana aliyeitwa Mwas, aliyenunua kanda kuukuu, akarekodi mieleka na mpira juu yake, kisha akawauzia wenye mabanda ya video.

"Siz, kanda ni za wazee," akaniambia. "Niletee hiyo deki na kanda thelathini, nikupe mashine ya sidi na sidi kumi. Lakini ziwe zinarekodi, sawa?"

Hapo lazima nikueleze, maana nyinyi hamkuziona. Kanda ya video ilikuwa na kipande kidogo cha plastiki ukingoni. Ukikivunja, deki inakataa kurekodi chochote juu ya kanda hiyo. Hivyo ndivyo watu walivyolinda harusi zao na ubatizo wa watoto wao. Lakini ukiliziba lile tundu kwa selotepu, deki inadanganyika, inakubali tena.

Mama hakuwepo wiki hiyo. Alikuwa Bungoma kumuuguza Senge, dada yake baba. Mimi nikaketi mezani na selotepu yangu, nikahesabu kanda, zikawa ishirini na tisa. Nikaitafuta ya thelathini, nikaipata upande wa mama wa kabati, chini ya shuka za wageni, imefungwa kwa kitambaa alichokishona kwa mkono wake. Nikaifungua. Imeandikwa "Karate", tena kwa mwandiko wangu. Nikacheka peke yangu: kumbe mama naye anapenda karate kwa siri! Kipande cha plastiki kilikuwa kimevunjwa, ilhali mimi sikuwahi kuvunja cha kanda yoyote. Dalili mbili nilipewa, na zote nikazipita. Nikaliziba tundu, nikasugua kwa kidole gumba ili selotepu ishike vizuri. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi mbacha wangu niliukunja mwenyewe nikaupeleka Shauri Moyo.

Siku tatu, na mashine yangu mpya ya sidi, nilikuwa malkia wa Tena. Jumamosi asubuhi jirani akaniita, nimepigiwa simu kwake. Alikuwa mama.

"Tumefika Nakuru, mimi na Senge wako. Ameruhusiwa kusafiri. Anataka kumwona ndugu yake."

"Kumwona vipi, mama?"

"Kwenye ile kanda ya mazishi. Ile ya karate niliyompa binamu yako arekodie mazishi, siku ile alipokosa kanda mpya. Iko chini ya shuka, nimeifunga kwa kitambaa. Itoe uiweke tayari."

Mwanangu, kanda hiyo ilikuwa kwa Mwas. Senge alikuwa amelazwa hospitalini tulipomzika baba. Hakumuaga. Mwaka mzima alikuwa akisema kwamba hajalia bado, kwamba hawezi kumlilia mtu ambaye hajamwona amelala. Na basi lilikuwa limeshatoka Nakuru. Nikatia miguu kwenye viatu vya kwanza nilivyovigusa, nikakimbia.

Nilimkuta Mwas katikati ya deki tatu, zote zikirekodi, na nyuma yake rundo la kanda. Alikuwa amezibandua karatasi zote za majina. Hakuna "Karate", hakuna chochote, zote nyeusi tupu. Nikaanza kuzitumbukiza moja moja kwenye deki ya kujaribia, natazama kidogo, natoa, huku saa ya ukutani ikinitisha. Ya kumi na mbili haikuwa yenyewe. Ya ishirini haikuwa yenyewe. Ndipo nikazitazama zile deki tatu zilizokuwa zikirekodi. Nikaruka, nikabonyeza kuzima zote.

"Siz! Unaniharibia kazi!"

"Baba yangu yumo humo!" nikapiga kelele, na wapita njia wakasimama.

Ilikuwa kwenye deki ya katikati. Kama dakika arobaini za mwanzo zilikuwa mieleka. Baada ya hapo picha ikachezacheza, ukatokea mgongo wa mjomba wangu na jembe. Mwas akatazama, akavua kofia.

"Ungeniambia ni matanga singeigusa, dadangu. Hata mimi nimezika mzee." Kisha akaongeza, "Na utaionea wapi? Beba deki yako. Sidi utanirudishia ukipata nafasi."

Hilo la deki hata sikuwa nimelifikiria. Haraka haraka haina baraka, na mimi sikuwa nimebakiwa na akili, sembuse baraka.

Nilipoingia nyumbani, deki kifuani, Senge alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha baba. Alikuwa amekonda, gauni linamning'inia. Mapajani alikuwa na leso mbili, moja ya jasho na nyingine, alisema, ya ndugu yake. Nilipaswa kusema ukweli pale pale. Badala yake nikaunganisha nyaya, nikaianzisha pale mieleka ilipoishia, nikimwomba Mungu Senge atosheke na hapo.

Tukaona udongo, migongo na kwaya. Senge akasogea mbele.

"Hapo ameshafunikwa. Rudisha nyuma nione uso."

Nikajifanya nakaza nyaya.

"Rudisha, Nafula."

Nikarudisha. Wakatokea wanaume wawili wanene, vifua wazi, wanavutana nywele. Senge akawaelekezea kidole.

"Hawa ni akina nani?"

Nikapiga magoti, nikaeleza yote, mpaka selotepu. Mama alijifunika uso kwa mikono. Senge hakupandisha sauti.

"Hukuwahi kuitazama hata mara moja," akasema, "lakini ulijua imepitwa na wakati."

Kisha akaniinua kidevu. "Haya, si kitu. Wewe ulikuwepo. Niambie. Alikuwa ametulia, au aliondoka na maumivu yake? Walimvisha tai gani?"

Siku ya mazishi nilipita kando ya jeneza macho chini. Nilijiambia kwamba kamera inaona, nami nitamtazama siku nyingine, uchungu ukipoa.

"Sijui, Senge. Sikumtazama."

"Basi tuko sawa, mimi na wewe. Mimi nilizuiwa na kitanda cha hospitali. Wewe ulizuiwa na nini?"

Swali hilo ninalo mpaka leo, na yeye ameshalala kando ya ndugu yake. Mama ndiye aliyetuokoa. Alikaa katikati yetu akasimulia: tai ya bluu ya reli, kidonda kidogo kidevuni walipomnyoa, jinsi mdomo ulivyokuwa kama anataka kutania mtu. Senge akaichukua leso ya pili. Mimi sikuwa na leso, nikalilia kile kitambaa cha kushona.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi cha kisasa. Kipya kinyemi, na mimi nilikipenda kabla yako. Ziingize kwenye simu hizo sidi ukitaka, ila kwanza keti hapa tuzitazame zote, hata zile zilizoandikwa mambo ya kijinga, na kitu ukikikuta kimefungwa kwa kitambaa, uliza aliyekifunga. Na siku nitakapolazwa kwenye sanduku, simu iache mfukoni. Nitazame kwa macho yako, hata kama yatauma, maana atakuja mtu aliyechelewa, naye atakuuliza nilivyokuwa.

Mungu akuzidishie siku, akupe watu wa kuwatazama wangali hai, na akiwachukua akuachie kinywa cha kuwasimulia. Sasa nenda ukalete hizo sidi.