Simu za Jumatatu

Darlene Pruitt ni mdhamini wa mahabusu katika mji wetu mdogo wa Oklahoma; kazi yake ni kuwawekea watu dhamana kwa malipo. Wanaosema wadhamini hawana moyo wanikome; mimi ndiye ninayempelekea barua kila asubuhi.

Mtu wa kosa dogo hapati hata kumzoea Darlene. Mlevi akikamatwa, kiwango cha dhamana kimeshabandikwa ukutani jela. Darlene anatia sahihi, mlevi anaenda zake, na kesi inaisha upesi. Wa kosa kubwa ndio hudumu. Kwanza wanamsubiri jaji apange dhamana, na wakishatoka lazima wampigie Darlene simu kila Jumatatu saa tatu asubuhi, ajue hawajatoroka.

Wendell Tackett, aliyeshtakiwa kwa kuiba trela, alipiga kwa miezi kumi na minne.

"Nipo, mama. Umekula lakini?"

"Wewe mwizi wa trela, tumbo langu linakuhusu nini?"

Lakini alikuwa anacheka, na tangu mumewe afariki sijasikia mwingine akimuuliza kama amekula.

Mwezi uliopita mthamini wa mali aliiambia mahakama kuwa trela ile haina thamani, ni chuma chakavu tu. Mashtaka yakashushwa yakawa kosa dogo, Wendell akalipa faini, kesi ikaisha siku hiyohiyo. Darlene mwenyewe alimkumbatia akamwambia, "Haya, usinipigie tena."

Jumatatu iliyofuata nilimkuta saa nne, mkono uko juu ya simu.

"Nani hajapiga?" nikamuuliza.

"Wote wameshapiga," akajibu, na mkono hakuuondoa.