Mama wa Beki

Jumapili iliyopita nilikaa uwanjani Kisii kando ya mama aliyetoka Nyaramba na kiti chake cha plastiki. Binti yake ni beki katika ligi kuu ya wanawake.

"Sisi ni Wasabato," aliniambia. "Mechi zao zote za msimu zilikuwa Jumamosi, isipokuwa hii. Sijawahi kumwona akicheza, na leo ndiyo ya mwisho."

Wageni hawakutokea, tuliambiwa wamekosa basi. Refa alingoja nusu saa, akapuliza kipenga, timu yetu ikapewa pointi tatu.

"Wameshinda?" mama aliuliza.

"Wameshinda, mama."

Binti alipokuja, mama alimpapasa jezi mgongoni. "Hata hujatoa jasho," akasema, akabeba kiti chake.

Jumamosi zote za msimu alimwachia Mungu. Jumapili moja aliyobakishiwa yeye, ligi ikakosa basi.