Mathe ameniombea niache wizi

Leo nimeokoka nikiwa Kigali, na aliyeniombea ni mama yangu mzazi. 😂

Nilifika asubuhi, nikanunua laini ya huku, nikazima ile ya Kenya isinimalizie pesa na roaming. Nikajiona mjanja sana.

Nikampigia mathe, yuko nyumbani Kiamunyi.

"Mum, ni mimi Kevo. Nimefika salama."

"Kevo gani? Wangu ana namba yake. Nyinyi matapeli hamchoki?"

"Mum, aki ni mimi!"

"Kijana, hata sauti umeiba?"

Kumbe alikuwa na akina mama wa maombi hapo sebuleni. Akaweka loudspeaker, wakaanza kuniombea niache wizi. Mmoja alilia kabisa.

Ningefanya nini jameni? Nikafunga macho, nikasema amina.

Kukata tu, nikawasha laini ya Kenya. Mathe huyo anapiga.

"Kevo, uko salama? Kuna mwizi amejifanya wewe. Lakini usijali, tumemuombea na ameokoka!"

Wueh, vile alikuwa na furaha!

"Bwana asifiwe, mum."

Sasa watu wangu, nimwambie ukweli, ama niache mbinguni washerehekee?