Nafasi ya Dobi Kanisani Hukaliwa na Mkoba

Fuu. Fuu. Fuu.

Sauti inatangulia. Nje bado kuna giza la alfajiri, na anayepita kwenye uchochoro huu haoni kitu, ila anasikia. Kwanza mtu anapuliza makaa. Kisha chuma kizito kinatua mezani. Kisha kitambaa chenye unyevu kinalia chwaaa. Na chini ya sauti hizo zote, kama ngoma iliyofunikwa blanketi, mwanamume anaimba polepole.

Haimbi wimbo wenyewe. Anaimba besi yake tu, ile sehemu ambayo ukiisikia peke yake huwezi kujua ni wimbo gani.

Mlango wa bati unafunguka, na mwanga wa taa moja unamwagika nje pamoja na joto. Ndani kuna meza iliyovishwa blanketi lililoungua pembeni, pasi ya mkaa yenye mpini wa mbao, chupa ya maji iliyotobolewa kifuniko, na nyaya zilizovutwa kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye nyaya yananing'inia majoho ya kwaya, rangi ya damu ya mzee.

"Karibu, ila usiegemee hapo," anamwambia mgeni bila kugeuka. "Hilo ni joho la soprano. Soprano hawana msamaha."

Mtaani wanamwita Besi. Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, mabega ya mtu aliyesukuma chuma tangu ujana, na kovu la pasi kwenye mkono wa kushoto ambalo yeye huliita cheti. Ni Mkristo, mwana wa Mkristo, na nyumba ya ibada iko nyuma ya ukuta wake. Kati ya meza yake na benchi la kwaya pana ukuta mmoja na kijia cha kupita mtu mmoja, tena asiwe amebeba ndoo.

Pamoja na ukaribu huo, ni mwaka wa tatu sasa tangu aketi kanisani siku ya Jumapili.

Tuseme lililo kweli. Jumapili za wengi husimama juu ya miguu ya wachache. Wapo wanaopika ili wengine wale baada ya ibada, wapo wanaolinda magari ya waliopiga magoti, wapo wanaokesha na wagonjwa. Na yupo huyu, anayenyoosha kola ya mtu anayekwenda kusikia habari za pumziko, kisha akabaki na makaa.

"Watu wanataka wamwendee Mungu wakiwa wamenyooka," anasema, akiipitisha pasi kwenye mkono wa joho. "Mimi ndiye ninayewanyoosha. Mwenyewe nimebaki na makunyanzi."

Anacheka. Kisha hacheki tena, na pasi inakwenda.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Besi aliimba katika kwaya hiyo kwa miaka mingi, akisimama mstari wa nyuma, karibu na dirisha. Alhamisi mazoezi, Jumapili ibada, na mchana alilala usingizi ambao mke wake anasema ulikuwa na besi yake pia. Kisha binti yao mkubwa akapata nafasi chuo cha uuguzi. Furaha ilikuja na karo mkononi.

Wakati huohuo kwaya ilikuwa inatafuta dobi, na dobi mwingine mwenye duka kubwa alikuwa ameshatia mguu mlangoni. Besi akaenda mbele ya wanakwaya wenzake akatoa hoja ambayo mpaka leo imeandikwa kwa rangi nyeupe juu ya mlango wake: NGUO YA IBADA HUTOKA MOTO.

"Niliwaambia joho likilala linakunjika. Joho la kweli linatoka mezani asubuhi, linavaliwa likiwa bado na joto. Yule mwenzangu duka lake liko mbali, asingeweza. Mimi niko hapa ukutani. Nikashinda!"

Alishinda, na ushindi ukamla. Wanakwaya wakaamini. Wazee wa kanisa wakaamini. Wenye suti, wenye magauni, wenye vitambaa vya meza ya Bwana, wote wakaamini kwamba nguo iliyopigwa pasi Jumamosi ni kama chai ya jana. Leo, nusu ya mapato yake ya wiki huingia kati ya alfajiri ya Jumapili na kengele ya pili, ile ya kuanza ibada.

Ikilia kengele ya pili, majoho yote yamekwishakwenda. Lakini hapo ndipo huja wale waliochelewa, na wale wa ibada ya mchana, na bwana mmoja ambaye kila wiki hukumbuka suruali yake wakati wengine wanasoma zaburi.

Basi Besi huimba akiwa hapo hapo. Kwaya ikianza, naye anaanza. Nyimbo hupita ukuta.

"Mahubiri ndiyo hayapiti," anasema, na kwa mara ya kwanza anaiweka pasi juu ya kigae chake. "Mchungaji ana sauti ya upole. Nasikia watu wanasema amina, amina. Sijui wanaitikia nini. Miaka mitatu nasikia majibu tu, swali sijalisikia."

Mlango wa pili kutoka kwake ni wa fundi viatu, mzee mwembamba mwenye vidole vyeusi kwa gundi na ulimi usiojua breki. Fundi huyu ni Msabato. Ijumaa jua likianza kushuka, hata uje na kiatu cha bwana harusi, utakuta kufuli. Jumapili asubuhi yuko kazini, misumari midomoni, akipiga soli kwa furaha ya mtu aliyepumzika.

Utani wao ni wa miaka.

"Jirani!" fundi anaita asubuhi hii, akiinua kichwa kutoka kwenye kiatu. "Mimi siku yangu naijua. Wewe ya kwako iko wapi? Jumamosi uko mezani, Jumapili uko mezani. Umeivunja amri ya nne pande zote mbili!"

"Kwetu hiyo ni ya tatu."

"Ya tatu, ya nne, kwani ukihesabu vingine inaungika?"

"Piga misumari yako, mzee. Utaimeza."

Lakini Jumapili iliyopita utani haukuwepo. Ili kuelewa ni kwa nini, lazima ujue habari ya mkoba.

Mke wa Besi huketi benchi la nne upande wa kushoto, na pembeni yake, penye nafasi ya mume, huweka mkoba wake mweusi. Ameuweka hapo tangu Jumapili ya kwanza Besi alipokosekana. Kanisa likijaa, watu huuangalia. Siku moja mzee wa kanisa alimwinamia akamwambia auondoe, apate kukaa mtu.

"Pana mtu," mama akajibu.

"Yuko wapi?"

Kwaya ilikuwa inaimba. Mama akanyoosha kidole ukutani, na wote wa benchi la nne wakaisikia: ile besi ya upande wa pili, nzito, haina maneno. Benchi zima likacheka, hata mzee wa kanisa akacheka, na mkoba ukabaki.

Jumapili iliyopita, mama alirudi kutoka ibadani akapita dukani kama kawaida yake kumletea mumewe chai. Akamimina, akampa kikombe, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Leo mkoba niliuweka mapajani."

Besi anasema chai ile hakuinywa.

"Angenigombeza ningeshukuru. Mke akigomba bado ana tumaini. Lakini aliongea kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha. Nikamuuliza, nani amekaa? Akasema, bibi mmoja mgeni, alikuwa amesimama na fimbo. Nikasema umefanya vizuri. Akasema, najua."

Alimwahidi pale pale kwamba angerudi. Mama akachukua chupa ya chai, akafunga kifuniko. "Baba watoto," akamwambia, "ahadi zako zinakunjika kuliko hayo majoho."

Fundi viatu alikuwa amesikia. Kuta za uchochoro huu ni nyembamba, na fundi hana tabia ya kuziba masikio. Akaja, akaketi juu ya kapu la mkaa, na kwa mara ya kwanza katika ujirani wao hakuanza na mzaha.

Maneno ya siku hiyo kila mmoja anayasimulia kwa namna yake, ila yanakutana. Fundi alimuuliza, unaogopa nini? Besi akajibu karo, na kodi, na yule kijana aliyeleta mashine za kufulia barabara ya juu. Fundi akasema kupumzika si kulala, hata punda hulala. Kupumzika ni kuiacha kazi ingali inakuita, ukaamini kwamba nyumba haikai kwa mikono yako peke yako.

"Rahisi kwako," Besi akamjibu. "Viatu havina kengele ya pili."

"Havina," fundi akakubali. "Lakini mimi Jumapili nimefungua mlango. Siku hiyo kwangu ni ya kazi, halali kabisa, hata malaika hana neno. Nyoosha nguo zako Jumamosi, ufunguo nitakuachia, uning'inize kwangu. Watu waje wachukue kwangu. Na wewe Jumamosi uko hapa, anayefuata viatu vyake umpe. Mimi nishike siku yako, wewe ushike yangu."

"Na makunyanzi?"

"Jaribu moja."

Ndiyo maana asubuhi hii, kati ya majoho yote yaliyotoka moto, limo moja lililolala. Besi alilinyoosha jana mchana, akafungua kwa ufunguo wa fundi, akalining'iniza kwake katikati ya viatu, mbali na gundi, na alfajiri akalirudisha kwenye waya. Hakuchagua la mtu mdogo. Alichagua la mwalimu wa kwaya.

Jua linapochungulia, mwalimu mwenyewe anafika, mtu mfupi mwenye haraka, funguo zikilia mfukoni. Anahesabu majoho kwa kidole. Anachukua la kwake, analivaa palepale, anajinyoosha mbele ya kipande cha kioo.

"Safi! Hili ndilo joho. Mtu akisema pesa ya dobi ni nyingi, mwonyeshe kola hii." Anasita. Anagusa kifua. "Mbona langu limepoa?"

Fundi viatu, kwake, ameacha kupiga nyundo.

"Limelala, mwalimu," Besi anasema. "Nimelipiga pasi jana."

Mwalimu anajitazama tena. Anageuka ubavu, anavuta mkono wa kulia, wa kushoto, anainama kuangalia pindo. Anatafuta kunyanzi kama mtu aliyedondosha sarafu.

"Kwa hiyo miaka yote hii tunagombania joto?"

"Nilikuwa natafuta wateja, mwalimu. Nikawapata, wakanifungia humu ndani."

Kisha mwalimu anacheka, cheko fupi la mtu aliyetapeliwa na rafiki. Besi anamweleza mpango wa fundi. Lakini mwalimu ni kiongozi, na kiongozi hakubali jambo uchochoroni. Atawauliza wanakwaya. Wapo watakaolalamika. Kuchukua joho kwa Msabato, katikati ya soli, hawajazoea. Likionekana kunyanzi moja tu madhabahuni, anaonya, wapo watakaomkumbuka yule kijana wa mashine.

"Wakihama?" Besi anauliza.

"Watahama, ndugu yangu. Siwezi kukudanganya." Mwalimu anajaza mikono majoho, anafika mlangoni, anageuka. "Lakini na mimi nikwambie langu. Besi niliyonayo ndani ni mbili, tena moja ina mafua. Mara nyingi naongoza kwaya huku nimetega sikio ukutani."

Anaondoka. Besi anabaki ameshika pasi hewani mpaka tone la jasho linapoangukia blanketi.

Ibada ya leo anaifuata kama alivyozifuata zote, kwa masikio. Kengele ya pili. Wimbo wa kwanza. Bwana wa suruali anakuja akihema. Besi anampokea, anamhudumia, na wimbo unapofika mahali pa besi anafungua kinywa, kisha anakifunga. Leo haimbi. Anasema alitaka kusikia jinsi wimbo ulivyo bila yeye.

"Una shimo," anasema. "Si kubwa. Shimo la ukubwa wa mtu."

Hajui karo ya muhula ujao itakamilika vipi wateja wakipungua. Binti yake, alipopigiwa simu juzi, alisema hata wauguzi hupeana zamu, baba, mbona wewe huna wa kukupokea? Besi anairudia kauli hiyo mara mbili, na anatazama upande wa fundi.

Watu wanatoka. Uchochoro unajaa viatu vilivyong'arishwa na nguo alizozinyoosha mwenyewe, nazo zinampita kama wageni. Mke wake anaingia na chupa ya chai, mkoba mweusi begani. Anakuta kiti kimepandishwa mlangoni na mumewe amesimama juu yake, brashi mkononi, rangi nyeusi ikichuruzika kwenye kiwiko. Neno MOTO limekwishafutika. Anamalizia HUTOKA.

"Shuka, utaanguka na uzee wako," mama anasema. Kisha anatazama juu, anasoma palipofutwa. "Kwaya imekubali?"

"Bado."

"Na wakikataa?"

"Wakikataa wamekataa."

Fundi viatu ana misumari midomoni, lakini hapigi. Mama anamimina chai. Anampa kikombe pale pale juu ya kiti, na Besi anakinywa chote, kingali moto, mbele ya mashahidi wote wa uchochoro. Anamrudishia. Anasafisha koo mpaka sauti inashuka pale chini inapokaa.

"Mama watoto," anasema, na wapita njia wanasimama kwa uzito wake, "Jumapili ijayo mkoba uache nyumbani. Pale nitakaa mimi."