Kasmiri na Ukoo wa Padri

Kasmiri Luhaga alizaliwa Lamadi, kando ya ziwa, katika nyumba ya kubanika samaki, na kwa miaka mingi alijitahidi watu wasilijue hilo. Alipopata kazi ya upishi misheni, upande wa Sola kwa wafugaji na wakulima wa pamba, alijisugua kwa sabuni ya Padri mpaka harufu ya moshi ikamtoka. Mtu akimuuliza kwao ni wapi, alijibu, "Mimi ni wa nyumbani kwa Padri."

Na nyumbani kwa Padri hapakuwa pa mchezo. Padri Leopold von Drachsenau alikuwa Mjerumani wa ukoo wa kitawala. Baba yake alikuwa na ngome yenye minara, msitu ambao mtu hakati ukuni bila ruhusa, na farasi waliolala pazuri kuliko watu waliowalisha. Waumini waliyajua yote hayo kwa sababu Padri alikuwa mnyenyekevu sana, na unyenyekevu wake aliuhubiri karibu kila Jumapili. "Niliacha ngome," alisema. "Niliacha msitu. Niliacha farasi. Nikaja kwenu sina kitu." Kisha alinyamaza kidogo, ili watu wapate nafasi ya kuitazama vizuri ile ngome.

Kasmiri ndiye aliyepangusa vumbi picha za ukoo huo pale sebuleni, na ndiye aliyeutangaza ukoo wenyewe kwenye vilabu vya pombe. Kila alipousimulia, mnara mmoja uliongezeka. Wazee wakaanza kumpisha kiti. Ni kwa heshima hiyo ya kuazima kwamba Ngeleja, mwanangwa aliyeangalia kijiji, alikubali kijana wake Mhoja, aliyebatizwa juzijuzi, amchumbie Benadetha, binti pekee wa Kasmiri. Vijana wenyewe walipendana tangu msimu wa kuchuma pamba, wala habari za ngome hawakuwa nazo. Lakini bila ngome, Ngeleja asingekubali mwanawe aoe kwa mpishi.

Kiangazi cha mwaka 1954 Ngeleja alikuja misheni na wazee wawili ili ajionee mwenyewe huo ukoo. Alikaa sebuleni, akaegemeza fimbo ukutani, akazitazama picha.

"Mwadila, Padri."

"Mwadila, Mwanangwa," alijibu Padri, aliyezipenda sana salamu za Kisukuma.

"Huyu mwenye masharubu ndiye mtemi wa kwenu?"

Kasmiri alikuwa amesimama na birika la chai. Hakungoja Padri ajibu. "Ndiye mwenyewe, baba!"

"Na Padri ni nani wake? Mpwa wake?"

"Mpwa wapi, baba! Mtoto wa kumzaa mwenyewe!"

Wazee wakatazamana. Kasmiri alidhani wameingiwa na heshima. Miaka ya kupangusa picha za Wajerumani ilikuwa imemsahaulisha jambo ambalo kila mtoto wa Kisukuma alilijua. Ingawa siku hizo baadhi ya watemi walianza kuwapendelea watoto wao, wazee wa rika la Ngeleja walishika utaratibu wa zamani: utemi humwendea mtoto wa dada. Mtoto wa mtemi hupewa kijiji akiangalie, huitwa mwanangwa, na hapo ndipo mwisho wake.

Ngeleja alicheka kwa furaha ya kweli. "Kumbe ni mwanangwa mwenzangu! Mimi pia baba yangu alikuwa mtemi. Mbona siku zote hukusema, ndugu yangu?" Akavuta kiti karibu, akachota tumbaku ya Padri bila kuomba.

Padri alijaribu kueleza kwamba kwao mtoto ndiye mrithi. "Ndiyo maana nasema niliacha ngome."

"Uliiachaje nayo si yako?" aliuliza mzee mmoja. "Mimi nikipita kando ya zizi la jirani, nirudi nyumbani nikaseme nimeacha ng'ombe?"

"Na huyu mama aliyebeba mtoto?" aliuliza Ngeleja.

"Dada yangu, Maximiliana, na mwanawe."

Wazee wote watatu wakainuka. Wakainama mbele ya picha na kupiga makofi ya taratibu, kama apigiwavyo mtemi, wakimpigia mtoto mnene wa Kijerumani aliyevaa kofia ya vishada na kuachama mdomo. Padri alikuwa hajawahi kupigiwa hata kofi moja. Akawa mwekundu mpaka kwenye upara.

"Na mtemi huyu sasa anakaa ngomeni?"

Padri alijibu huku akiinyoosha picha ukutani. "Anauza matrekta mjini. Ngome ilichukuliwa baada ya vita. Wanahifadhia viazi."

"Viazi!" Ngeleja akamshika bega. "Pole, mwenzangu. Pole sana." Kisha akamgeukia Kasmiri. "Basi wewe ni mpishi wa mwanangwa. Hata mimi ninaye anayenipikia, na sijampelekea mwanangu akaoe kwake."

Jikoni, Benadetha aliyekuwa akisonga ugali aliacha kusonga. Baba yake aliusikia ule ukimya kupitia ukutani.

"Tuiache Ulaya," aliendelea Ngeleja. "Wewe mwenyewe ni wa nani? Nani atakuja kumsemea binti?"

"Nitamsemea mimi," alisema Padri.

"Wewe utakaa upande wangu. Namuuliza huyu."

Kasmiri aliweka birika chini. "Nina dada. Kwandu. Yuko Lamadi, anabanika samaki."

"Ndiyo maana paka wa misheni hawambanduki!" alisema mzee wa pili, wakacheka wote.

"Mlete," alisema Ngeleja. "Shangazi wa binti asipofika, hapa hakuna maneno."

Kwandu alifika juu ya lori, amekalia kikapu chake cha samaki. Alimtazama kaka yake kuanzia viatu hadi kola. "Kumbe bado unanijua! Mimi nilisikia ulizaliwa Ujerumani."

Kwa Ngeleja hakukaa hata kwenye kigoda alichopewa. Alipita katikati ya ng'ombe wa mahari, akafunua midomo, akainua mikia. "Huyu ni mzee kuliko mimi. Mrudisheni."

Padri, kutoka upande wa wanangwa, alishauri kwa upole kwamba familia ya Kikristo ingeweza kumpokea ng'ombe huyo kwa unyenyekevu.

"Padri, ng'ombe ni wako?" aliuliza Kwandu.

"Hapana."

"Basi usimtoe sadaka."

Ngeleja alicheka mpaka tumbaku ikamwagika. "Huyu ndiye mtu wa kukaa naye ukwe! Mhoja, leta yule mwenye ndama."

Kwandu alimzunguka ng'ombe huyo polepole, akaenda kukaa kwenye kile kigoda. Wazee wakaelewa kwamba yamekwisha.

Waliporudi misheni, Benadetha alikuwa akiwangoja mlangoni, mikono imejaa unga. Baba yake alitaka kuanza tangu mwanzo, jinsi walivyopokewa, nani alikaa wapi. Binti akampita.

"Shangazi, wamesemaje?"

Kwandu akamtwisha kikapu. "Shika hiki, mke wa Mhoja. Miguu inaniuma."