Tikiti Ipi, Mzee?

Miaka ya hamsini nilikuwa karani katika shamba moja la mkonge nje ya Voi, na kanuni za mshahara wa pale niliziandika mimi. Meneja alivuta kiko tu na kuitikia kwa kichwa. Mwenye kalamu nilikuwa mimi, kijana wa Wundanyi, mwandiko mzuri, kiburi tele.

Kabla ya hapo kila siku ya malipo ilikuwa makelele. Nikazinyoosha hesabu. Kila mkata mkonge alipewa kadi yenye vyumba thelathini, nasi tuliiita tikiti. Akimaliza kazi ya siku, nyapara anamtilia alama. Vikijaa vyote, analipwa. Alikuwa na siku arobaini na mbili za kuvijaza. Zikimpita, au akifungua tikiti mpya, ile ya kwanza imekufa. Mwenye shida nyumbani, kama amefikisha alama ishirini, alilipwa alizonazo na shamba likamkatia tikiti ya gari la moshi. Kanuni ya mwisho niliiweka ili meneja anisifu: kosa la karani litalipwa na karani. Akanisifu kweli. "Sheria ni msumeno, bwana," nikamwambia, huku nikicheka. Mjinga mimi.

Jumatatu moja foleni ilikuwa ndefu na jua limeshapanda. Akaja mtu mzima kutoka upande wa Ziwa, mikono imechanjwachanjwa na miiba. Akaweka kadi yake mezani. Ilikuwa na alama ishirini na mbili.

"Bwana karani, naomba tikiti."

Nikaangalia tarehe. Zilibaki siku tatu tu, na alama nane hazijai kwa siku tatu. Wengi wakifika hapo hukata tamaa na kuomba kadi mpya. Sikuuliza. "Weka kidole," nikasema. Hakujua kusoma, akaweka kidole kitabuni. Nikaichana ya zamani, nikampa mpya. "Haya, mwingine!"

Alasiri akarudi na vumbi mpaka magotini. Alikuwa amekwenda Voi kwa miguu, na pale stesheni wamemcheka na kadi yake.

"Nilitaka ya gari," akasema. "Mtoto wangu anaumwa. Jirani amenisomea barua."

Ala! Nilielewa pale pale. Ningeweza kwenda kwa meneja nikasema kosa ni langu. Lakini siku zake ishirini na mbili zingetoka kwenye mshahara wangu, nami nilikuwa naweka akiba ya baiskeli. Baiskeli, jamani.

"Kitabu kimeshaandikwa, mzee. Kidole umeweka mwenyewe."

Akaitazama kadi isiyo na alama hata moja, akaenda zake. Ningependa kusema niliona aibu. Sikuona kitu. Nilifunga kitabu, nikaenda kula, na chakula kikapita vizuri.

Kesho yake alikuwa shambani. Hakukosa siku, hata Jumapili aliomba kazi. Nami kila jioni nilizihesabu alama zake bila kuambiwa na mtu: kumi, kumi na tatu, kumi na sita. Akifika ishirini atakuja, nilijiambia, nami nitamkatia ya gari upesi, yataisha.

Alipofika kumi na saba ikaja barua nyingine. Safari hii aliniletea mimi niisome. Nikaisoma yote, kwa sauti ileile niliyoitia majina ya watu siku ya malipo. Mtoto alikuwa ameshazikwa. Akasema, "Asante, bwana karani," akarudi kwenye mkonge.

Ishirini zikafika, hakuja. Alikuja zilipotimia thelathini. Nikamlipa, na hesabu ilikuwa sawasawa, hakuna senti iliyopungua. Akabaki amesimama dirishani.

"Bwana karani, naomba tikiti."

"Tikiti ipi, mzee?" Siku hiyo niliuliza.

"Ya kazi," akasema. "Ile ya gari haina kazi tena."

Nikamfungulia mpya. Akaweka kidole.